Sura ya 4: Matangazo Tunayakumbuka, Mahubiri Yametupita

"Mchungaji, mbona mahubiri nayasahau hata kabla sijafika nyumbani?"

Swali hili nimeulizwa sana, na wanaoliuliza si watu wavivu. Ni akina mama wa kwaya, wazee wa kanisa wanaokaa benchi la mbele, vijana wanaoandika kwenye simu mhubiri anapoongea. Wengine huuliza kwa aibu, kama wanaungama dhambi. Wengine wanaamini shetani ndiye anayewanyang'anya neno, na hunitajia ule mfano wa mpanzi na ndege waliodonoa mbegu njiani.

Kabla hatujamsingizia shetani, jaribu jambo moja. Jumatano mwulize mtu aliyekuwa ibadani Jumapili mhubiri alisema nini. Atakujibu, "Alihubiri vizuri sana." Mbane kidogo: vizuri kuhusu nini? Atasema upendo, au imani, au kitu cha namna hiyo. Sasa mwulize matangazo. Hapo utashangaa. Umoja wa wanawake wanakutana Alhamisi saa kumi. Mafundisho ya kipaimara yanaanza mwezi ujao. Nyumba ya mwinjilisti imekwama kwenye kuezeka, kila kaya inaombwa bati mbili. Binti wa mzee fulani anaolewa na kijana wa usharika wa jirani, na hilo lilikuwa tangazo la pili. Atakusimulia hadi mnada, yaani yale mazao na mifugo vilivyoletwa kama sadaka na kuuzwa nje ya mlango baada ya ibada: nani alipandishana bei na nani kwa ajili ya jogoo aliyefungwa miguu, na jogoo akaishia kununuliwa kwa fedha ambayo sokoni ingetoa mbuzi mdogo.

Masikio ni yale yale, kichwa ni kile kile, benchi ni lile lile gumu. Basi kasoro haiko kwenye kumbukumbu ya msikilizaji.

Tangazo lina nini?

Chukua tangazo la kawaida kabisa. "Ndugu zetu wa mtaa wa juu wamefiwa na bibi yao. Maziko ni kesho saa nane mchana. Kwaya ya uinjilisti ikutane hapa saa sita. Wenye magari waone wazee wa kanisa." Linasomwa haraka, mara nyingi na mtu asiyejua kusoma kwa madaha, wakati watoto wameshaanza kutoka nje. Hata hivyo kesho saa sita kwaya iko pale.

Tangazo hilo limetaja watu. Limetaja siku na mahali. Limesema kilichotokea, kisha likampa kila mtu kazi yake. Hakuna aliyetoka akijiuliza, "Sasa mimi nifanyeje?" Kila aliyesikia alijua kama linamhusu au halimhusu, na kama halimhusu alijua ni nani wa kwenda kumpa taarifa.

Kisha kuna yale matangazo ambayo kanisa lenyewe haliruhusu yasahaulike. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo inataka wachumba watoe taarifa si chini ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa, ili mwenye pingamizi apate nafasi. Kanisa na serikali, kwa jambo wanaloliona zito, hawakuamini kwamba kusema mara moja kunatosha. Mahubiri, ambayo tunasema ni mazito kuliko yote, tunayasema mara moja, Jumapili inayofuata tunarukia jambo jingine, halafu tunashangaa.

Barua isiyo na anwani

Sasa sikiliza sehemu kubwa ya mahubiri yetu. "Wapendwa, tunapaswa kupendana. Dunia imeharibika, upendo umepoa. Turudi kwa Mungu. Tusameheane kama Bwana alivyotusamehe. Je, wewe unasamehe? Mwambie jirani yako: samehe!" Jirani anamwambia jirani samehe, wote wanacheka kidogo, tunaendelea.

Hakuna neno la uongo hapo. Lakini ni barua isiyo na anwani: imeandikwa vizuri, imebandikwa stempu, ila posta hawajui waipeleke kwa nani. Msikilizaji anaitikia "Amina" kwa moyo wote kwa sababu hajaona kwamba ni yeye anayeambiwa.

Hebu mhubiri huyo huyo aseme hivi: "Kuna ndugu wawili walioachiwa shamba moja na baba yao. Baba amekufa, mipaka haikuandikwa popote, na mkubwa amesogeza mti wa mpaka hatua kadhaa. Sasa hawanywi kahawa pamoja. Watoto wao wanasoma darasa moja na wamekatazwa kuchezea nyumba ya pili. Jumapili wote wawili wapo kanisani, mmoja upande wa kulia, mmoja upande wa kushoto. Leo tuulize, kwa watu hawa, kusameheana kunaanzia wapi? Kwenye sala, au kwenye ule mti?"

Kanisa litanyamaza. Kila ukoo una mti wake. Na swali la mwisho ni la maana kuliko hotuba nzima ya upendo, kwa sababu wengi wetu tunapenda kusamehe kwenye sala na kuuacha mti palepale ulipohamishiwa.

Hapa lazima niseme jambo la tahadhari, maana nimeona mhubiri akilichukua somo hili na kulipeleka pabaya. Kutaja mahali watu wanapoumia ni jambo moja. Kumpiga mtu kijembe mimbarini ni jambo lingine kabisa. Mzee wa kanisa amekubishia kwenye kikao cha Ijumaa, nawe Jumapili unahubiri juu ya Kora na Dathani waliomezwa na ardhi kwa kumpinga Musa: huko ni kutumia mahali ambapo mwenzako hana haki ya kujibu. Kipimo changu ni rahisi. Ikiwa watu wakitoka wanaulizana, "Alikuwa anamsema nani?" na wote wanapata jina moja, hicho ni kijembe. Ikiwa nusu ya kanisa inatoka kila mtu akidhani ni yeye aliyesemwa, hayo ni mahubiri. Nathani alipokuwa na neno la Daudi peke yake hakuliweka kwenye kusanyiko. Alimwendea mwenyewe, akamsimulia habari ya mwana-kondoo wa maskini.

*Kwa ufupi: tangazo linakumbukwa kwa sababu linasema nani, wapi, lini, na ufanye nini. Mahubiri yanapokosa yote manne, hayana mahali pa kushika.*

Kusinzia kanisani kulianza zamani

Wengine wanasema tatizo ni urefu. Hili nalo lina historia yake, na inafariji.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 20, kinamtaja kijana Eutiko wa Troa. Paulo alikuwa anaondoka kesho yake, akaendeleza maneno hadi usiku wa manane. Chumba kilikuwa cha ghorofa, taa nyingi zinawaka, kijana amekaa dirishani. Usingizi ukamlemea, akaanguka kutoka orofa ya tatu, akaokotwa amekufa. Paulo akashuka, akamkumbatia, kijana akawa hai. Kisha, na hapa ndipo wahubiri wengi wanapopapenda, Paulo akapanda tena juu, akala, akaendelea kuzungumza mpaka alfajiri.

Miaka mia tatu na zaidi baadaye, Antiokia na kisha Konstantinopoli kulikuwa na mhubiri Yohane ambaye watu walimwita Krisostomo, yaani kinywa cha dhahabu. Tatizo lake lilikuwa kinyume: watu walimpigia makofi. Alichukizwa, akasimama kuwahubiria kwamba kupiga makofi kanisani si adabu. Wakampigia makofi kwa hilo pia. Wanaodhani mhubiri anayeshangiliwa ndiye anayesikika wamkumbuke Krisostomo.

Mwenzake wa Afrika ya Kaskazini, Augustino, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, alipata barua karibu mwaka 400. Iliandikwa na shemasi wa Karthago aliyeitwa Deogratias, jina ambalo hata leo utalikuta katika kila daftari la ubatizo la Kikatoliki kutoka Bukoba hadi Bujumbura. Deogratias alilalamika kwamba akiwafundisha wanaoingia imani, maneno yake yanamchosha yeye mwenyewe, seuze wasikilizaji. Jibu la Augustino likawa kitabu kizima, na kwangu mimi kinazidi vitabu vingi vya kisasa vya kufundisha kuhubiri. Anakiri kwamba hata yeye karibu kila mara hapendezwi na alichosema. Halafu anashuka kwenye mambo madogo: mtazame msikilizaji usoni, akipiga miayo, badilisha, mwambie kitu cha kumchangamsha, na kwa kuwa siku zile watu walisikiliza wakiwa wamesimama, mpe kiti. Askofu mwenye elimu kubwa kuliko wote wa zama zake anamwambia shemasi: huenda mtu huyo hakupingi, ila miguu inamuuma.

Hayati Papa Fransisko alilitazama jambo hili kwa saa. Juni 2024 aliwaambia mapadre kwamba homilia, yaani mafafanuzi ya masomo katikati ya misa, isizidi dakika nane, kwa sababu ikizidi watu wanalala, na akaongeza kuwa wana haki. Mjini nakubaliana naye. Kijijini sina hakika. Mtu aliyetembea saa mbili akivuka mito miwili, amevaa nguo yake bora, viatu amevibeba mkononi hadi mlangoni, ukimpa dakika nane atahisi umemdhulumu. Urefu unapimwa na safari ya msikilizaji na uzito wa neno ulilo nalo. Mhubiri asiye na neno huchosha hata kwa dakika nne.

Mahubiri huanza Jumanne

Kama mahubiri yanahitaji anwani, mhubiri ataipata wapi? Kitabuni hamna. Vitabu vya ufafanuzi vinakueleza Luka alimaanisha nini, na hilo ni la lazima. Asiyejua somo lake asipande mimbarini. Lakini hakuna kitabu kitakachokuambia kwamba kwenye nyumba ya tatu kutoka kanisani kuna baba aliyeachishwa kazi na hajamwambia mkewe, kila asubuhi anavaa shati na kuondoka.

Hayo hupatikana kwa kutembelea. Unakwenda nyumbani kwa mtu Jumanne jioni bila ajenda. Unakaribishwa kiti kile kimoja chenye kitambaa cha kudarizi, wenyewe wanakaa kwenye vigoda. Chai inakuja. Mnaongea mvua na bei ya mbolea. Ukitulia, utaona: juu ya kabati kuna chupa za dawa zaidi ya zile za juma lililopita, ukutani kuna karatasi ya ada ya shule yenye deni lililozungushiwa kalamu nyekundu, picha ya harusi ya mtoto mkubwa imeondolewa na msumari umebaki. Huulizi. Ukiaga, mama anakusindikiza hadi barabarani, na ni pale barabarani, mbali na masikio ya watoto, ndipo anapokuambia kilichomfanya akukaribishe. Kwetu mambo mazito husemwa wakati wa kusindikizana.

Jumapili hutalitaja hilo hata kwa fumbo, maana ulilipokea kama siri. Lakini ukisoma habari ya mwana mpotevu utaisoma ukijua kuna mama hapa ambaye wake hajarudi. Sauti yako itabadilika bila wewe kupanga, na hutathubutu kusema kwa wepesi kwamba kila anayeomba mtoto wake hurudi.

Najua wenzangu watasema nini. Mchungaji wa usharika wa Kilutheri ana mitaa minne, mitano au zaidi, yaani matawi yenye kanisa lake kila moja, na mengine yako ng'ambo ya mlima. Padre wa parokia ana vigango vingi kuliko Jumapili za mwezi. Ni kweli. Na ndiyo sababu anayehubiri Jumapili nyingi katika makanisa yetu ni mwinjilisti au katekista, mtu mwenye posho ndogo, mara nyingi inayochelewa, mwenye baiskeli na shamba la kulima. Mtu huyu hana digrii ya teolojia. Lakini anajua nani hajalala. Nimewasikia wainjilisti wakikosea jina la mfalme wa Ashuru na bado wakagusa watu kuliko mgeni rasmi aliyekuja na gari la dayosisi. Ningekuwa na uwezo, fedha ya semina moja ya wachungaji ingegeuzwa kuwa vitabu na mafuta ya pikipiki kwa wainjilisti.

Kinachosemwa tena ndicho kinachobaki

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kazi ya ajabu. Alijikaririsha orodha za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akajipima mwenyewe baada ya dakika, saa na siku. Aliona kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea katika saa za mwanzo na siku ya kwanza. Baada ya hapo kinachobaki hupotea polepole. Aliona pia kwamba kinachorudiwa kwa vipindi, leo kidogo na kesho kidogo, hukaa zaidi kuliko kinachokaririwa kwa mkupuo mmoja. Mahubiri si silabi tupu, lakini kichwa kinachoyapokea ndicho hicho. Jumapili mchana ndiyo saa ya hatari, na ndiyo saa ambayo hakuna anayeyazungumza.

Kanisa lililijua hili kabla ya Ebbinghaus. Nehemia sura ya 8 inasimulia jinsi Ezra alivyosoma torati tangu mapambazuko hadi adhuhuri, amesimama juu ya jukwaa la mti, huku Walawi wakiwafahamisha watu maana. Watu wakalia. Wakaambiwa wasilie: waende wakale vinono, wanywe, na wampelekee sehemu asiyeandaliwa kitu. Kwa hiyo siku ile neno lilisomwa, likafafanuliwa, likamalizikia kwenye sahani ya jirani. Kesho yake viongozi wa koo wakarudi kwa Ezra kuendelea kulichunguza.

Huku kwetu kuna mifano miwili ya kujivunia. Wa kwanza ni Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini nchini Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na wimbo wa Kiganda Tukutendereza ukaimbwa kila ulipofika. Nguvu yake haikuwa kwenye wahubiri wakubwa. Ilikuwa kwenye ushuhuda: mkulima, mwalimu, mpishi wa bwana mkubwa, kila mmoja anasimama na kusema neno limempata wapi na amelipa deni gani alilokuwa amelificha. Neno lililohubiriwa na mmoja lilisemwa tena na kumi, kila mmoja kwa lugha ya nyumbani kwake. Ulikuwa na kasoro zake. Baadhi ya ndugu wa Uamsho walijiona wao tu ndio waliookoka, na familia nyingine zikagawanyika. Lakini hawakusahau walichosikia.

Wa pili ni Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo za Wakatoliki, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki waliziweka katikati ya mpango wao wa kichungaji katika miaka ya 1970. Kaya za jirani hukutana kila juma kwenye nyumba ya mmoja wao na, zinapofuata utaratibu wake, husoma Injili ya Jumapili inayokuja. Wanajua ni ipi, kwa sababu masomo yamepangwa katika kalenda ya miaka mitatu inayotumika tangu 1969. Mtu aliyelisoma somo Jumatano, akalibishania na jirani yake, Jumapili hasikilizi kama mgeni. Hasara ni pale jumuiya inapogeuka kuwa kikao cha michango. Ikifikia hapo, watu watakumbuka michango.

Kwa anayetaka kuanza nyumbani bila kusubiri kikao cha wazee, haya yanawezekana:

- Jumapili mezani, kila mtu aseme jambo moja alilolisikia, mtoto aanze. Mkubwa akianza, mtoto atarudia ya mkubwa.
- Asiyekubaliana na mhubiri aruhusiwe kusema. Kinachobishaniwa hakisahauliki.
- Atajwe mtu mmoja anayehusika na neno lile juma hili: wa kumtembelea, wa kumlipa, wa kumwomba radhi.
- Ukikutana na mhubiri, usimwambie "umehubiri vizuri". Mwulize swali. Atahubiri vizuri zaidi.

*Kwa ufupi: mhubiri apate anwani kwa kutembelea, msikilizaji alishike neno kwa kulisema tena kabla siku haijaisha.*

Mbona ya msibani hayasahauliki?

Kuna mahubiri ambayo watu huyakumbuka miaka ishirini: yale ya msibani. Bibi atakuambia mwinjilisti fulani alisema nini mume wake alipozikwa, na atakuonyesha alikuwa amesimama wapi. Hakurekodi wala hakuandika. Siku ile alikuwa na haja, na kila neno lililotoka lilimkuta akiwa amekinga mikono.

Kwa sababu hiyohiyo neno baya la msibani nalo halisahauliki. Nawajua watu walioacha kanisa kwa sentensi moja iliyosemwa mbele ya jeneza: kwamba marehemu hakuonekana ibadani muda mrefu, kwamba hakuwa amemaliza ahadi yake ya ujenzi, kwamba tujihadhari tusife kama yeye. Mhubiri anaona umati mkubwa ambao hajawahi kuupata Jumapili, wakiwemo wasiokanyaga kanisani, anaona ndiyo nafasi ya kuwatisha. Wafiwa wamekaa mbele wamejifunika khanga, hawana pa kukimbilia.

Ushauri ninaowapa vijana wanaoanza utumishi ni wa kazi tu. Fika mapema, ukae na wafiwa kabla hujavaa joho. Uliza jina la marehemu ambalo nyumbani walimwita, maana lile la kwenye ratiba huenda hata wajukuu hawalijui. Uliza alikuwa anafanya nini asubuhi akiamka. Soma somo moja. Sema kile ambacho kanisa linaamini kuhusu Kristo na kaburi, ukisema kama Paulo alivyowaambia Wakorintho: kwa kuwataja waliomwona, Kefa, wale Kumi na Wawili, ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, Yakobo, kisha yeye mwenyewe. Usieleze kwa nini Mungu amemchukua, kwa kuwa hujaambiwa. Na uangalie saa: wasifu umesomwa, salamu za rambirambi kutoka kazini, kwenye chama na kwa majirani zimechukua nafasi yako, jua ni la saa tisa na turubai halitoshi. Mshereheshaji akikuambia una dakika kumi, tumia saba.